Kikombe chako cha Hagi kinatoa jasho, hakijapasuka

Mteja mmoja alirudisha kikombe cha Hagi, kikombe cha chai cha udongo kutoka Japani, siku ya pili tu baada ya kukinunua. "Kinavuja," alisema, akatuonyesha picha ya duara la maji lililobaki mezani. Hatukumweleza vya kutosha alipokinunua, na kosa hilo ni letu.

Hagi ni mji wa pwani mkoani Yamaguchi, Japani. Majeshi ya Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani, yalipoivamia Korea (1592–1598), yalirudi na wafinyanzi. Miongoni mwao walikuwa ndugu wawili, Yi Chak-kwang na Yi Kyong, waliofanya kazi chini ya bwana Mori Terumoto. Terumoto alihamia Hagi mwaka 1604, na tanuri zikajengwa huko. Ndugu hao hawakwenda Japani kwa hiari, nasi tunaona ni haki yao jambo hilo litajwe. Mwaka 1625 Yi Kyong alipewa jina la Saka Koraizaemon, ambalo warithi wake wamelibeba kizazi hadi kizazi. Wapenzi wa chai huko, wakipanga aina za vyombo wanavyovipenda, husema: kwanza Raku, pili Hagi, tatu Karatsu.

Sasa tuje kwenye unyevu. Udongo wa Daido, unaotumiwa kufinyanga vikombe hivi, wenye rangi hafifu na mchanga ndani yake, huchomwa bila kukazwa ukawa kama jiwe. Hubaki na vitundu, na ngozi ya kioo iliyo juu yake ina nyufa nyembamba kama nywele. Chai hupenya humo, kama maji yanavyopenya kwenye mtungi. Ukikitumia miezi na miaka, weupe wa maziwa huanza kugeuka, mistari ya kahawia ikajichora ndani. Wajapani huita hali hiyo mageuzi saba ya Hagi, na ndiyo inayowafanya wakipende.

Kabla ya kukitumia mara ya kwanza, kichemshe taratibu kwenye maji ya kuoshea mchele. Wanga huziba vitundu. Kila siku kiloweke kidogo kwenye maji safi kabla ya kumimina chai. Usikiache kwenye maji ya sabuni, kwani kitainywa. Ukimaliza kukiosha, kiache kikauke kabisa ndipo ukiweke kabatini, la sivyo kitaota ukungu.

Ule mkato kwenye kitako nao si kasoro. Mfinyanzi ameukata kwa makusudi.

Kikiendelea kulowesha meza baada ya wiki kadhaa za kutumiwa hivyo, kirudishe, tutakubadilishia.