Barua kwa mafundi vijana wa reli: kazi usiyoisomea

Wanangu,

Marahaba. Mlipokuja kunijulia hali hapa Iyunga mwezi uliopita, mmoja wenu alisema amepewa barua ya kuhama kutoka karakana ya dizeli kwenda kwenye nyaya za umeme za reli mpya, naye anatafuta namna ya kukataa. "Babu, mimi nimesomea dizeli." Wengine mkaitikia. Siku ile kifua kilikuwa kinanibana, sikuweza kusema mengi. Namjibu leo, na nyote msikie.

Mimi sikusomea reli kabisa. Mwaka 1973 nilikuwa na miaka 19, kibarua wa kubeba mataruma, wakati Wachina, Watanzania na Wazambia wanajenga TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Fundi mmoja wa Kichina alitaka mtu wa kumshikia taa usiku chini ya injini. Wenzangu waliikwepa zamu ya usiku, mimi nikaenda. Kutoka taa nikapewa spana, na reli ilipofunguliwa nikaajiriwa karakana. Lakini hilo halikuwa gumu. Kibarua hana cha kupoteza.

Gumu lilikuja baada ya miaka kumi, nami nimeshakuwa fundi mwenye jina. Vichwa vya treni vya kwanza, vya Kichina, vilikuwa vya dizeli-haidroliki: injini inasukuma mafuta, mafuta yanazungusha shafti, shafti inazungusha magurudumu. Kwenye mlima kati ya Mlimba na Makambako, penye mahandaki na madaraja yanayofuatana, mzigo ukiwa mzito vilipata joto na kuishiwa nguvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikaletwa vichwa vya dizeli-umeme kutoka Ujerumani Magharibi. Humo injini kazi yake ni kuzungusha jenereta, na umeme ndio unaokwenda kwenye mota zilizo kwenye ekseli. Mimi niliyejua ubovu wa gia kwa kuweka kiganja tu, kiganja changu hakikuniambia lolote humo.

Yakatakiwa majina ya watakaojifunza. Mafundi wakubwa karibu wote wakanyamaza. Hawakuwa wavivu wala wajinga. Ni watu walionifundisha kazi. Waliona haya kurudi darasani pamoja na vijana ambao jana yake walikuwa wakiwaagiza chai. Mimi pia niliona haya. Siku tatu sikulala vizuri, ya nne nikaandika jina. Aliyenifundisha kusoma mchoro wa umeme alikuwa na miaka 22, ametoka chuoni juzi. Nilimwita mwalimu mbele ya watu, na nilimaanisha.

Wiki ya kwanza aliniuliza kama nimeelewa, nikasema ndiyo, na sikuwa nimeelewa. Nikafunga nyaya mbili za mota kinyume. Tulipojaribu, mota moja ikazunguka mbele na nyingine nyuma. Kichwa kilikuwa juu ya jeki, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Kijana yule hakunigombeza, alichukua chaki akanichorea upya sakafuni. Tangu siku hiyo nimekubali kazi nyingi nisizozijua, ila sikudanganya tena kwamba nazijua.

Hili nawasisitizia, maana waya wa juu wa reli mpya unabeba volti 25,000. Unaweza kukuua bila hata kuugusa, ukiusogelea tu. Usipande mpaka uwe umefundishwa, na uone kwa macho yako kwamba umeme umekatwa na waya umeunganishwa na ardhi. Bosi akikuhimiza upande kabla ya hapo, kataa, hata kama wewe ni mgeni kazini. Mgeni ndiye mwenye haki zaidi ya kuuliza.

Sasa wewe uliyesema umesomea dizeli. Dizeli haitapotea kesho, TAZARA na reli ya zamani ya kati bado zinaihitaji. Lakini fikiria: treni za umeme zimeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 tu. Kwenye dizeli, kila karakana ina mzee anayeulizwa. Kwenye nyaya zile hapa nchini bado hakuna mzee. Atakayeingia sasa na kuandika kila anachokiona kwenye daftari ndiye watakayemfuata wadogo zenu miaka kumi ijayo. Mimi sikuiona nafasi ya namna hiyo ila mara moja maishani.

Uliza mshahara na posho, ni haki yako, wala usione aibu. Kisha ijibu barua kabla ya Ijumaa. Andika kwamba umekubali, na kwamba kazi hii hujaisomea, kwa hiyo unaomba miezi ya mwanzo upangwe zamu moja na mtu anayeijua. Mtaje kwa jina kama unamfahamu. Nakala niletee hapa niisome kabla hujaipeleka.

Babu yenu,
Iyunga, Mbeya