Salamu za shukrani: Familia ya marehemu Mama Mkunga, Kirumba, Mwanza

Familia ya marehemu mama yetu, ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Mama Mkunga, inatoa shukrani kwenu nyote mliokuwa nasi tangu alipougua hadi tulipompumzisha Ukerewe. Madaktari na wauguzi waliomhudumia, paroko na jumuiya ndogondogo, majirani waliofunga maturubai na kukesha, akina mama wa Mwaloni walioleta dagaa na sato bila kuhesabu, na mabaharia wa meli ya Nansio waliompokea kwa heshima: wabeja sana.

Alikuwa mwanamke wa kwanza katika ukoo wetu kusomea uuguzi na ukunga, na kwa muda mrefu mkunga pekee mwenye mafunzo kwenye zahanati yake ya kisiwani. Msibani wengi walisema alikuwa na mkono wa baraka. Mwenyewe asingekubali. Alichokuwa nacho ni utaratibu, na tunauandika hapa kwa kuwa wauguzi vijana waliuulizia.

Mtoto akishatoka, alipapasa kwanza tumbo kuhakikisha hakuna pacha, ndipo mama akachomwa oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi ili damu isizidi, yuniti 10 kwenye msuli, yote ndani ya dakika moja. Kitovu hakukikata kwa pupa. Alisubiri dakika 1 hadi 3, isipokuwa mtoto awe hapumui hata baada ya kukaushwa na kusuguliwa mgongo. Kondo la nyuma alilitandaza akalikagua pande zote mbili, maana kipande kikibaki ndani mfuko wa uzazi haukazi vizuri na damu haikomi. Damu ikizidi, pamoja na kuukanda mfuko wa uzazi aliulizia kibofu. Kikijaa nacho huuzuia kukaza, na hili husahaulika sana.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa wa friji. Oksitosini hutakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto hupungua nguvu taratibu, na ubaya wake kichupa hakibadiliki sura: unachoma, unangoja, damu inaendelea, na hujui kwamba umechoma dawa iliyochoka. Kwa hiyo kipimajoto kilisomwa asubuhi na jioni na kuandikwa, na soda ya mtu haikuingia mle, hata ya mganga mfawidhi. Waliohamishiwa kwake walimwona mkali. Alikuwa mkali kweli.

Kwa wanaojifungulia nyumbani au mtumbwini alifundisha kipimo cha khanga, kilichowahi kutumiwa na wakunga wa jadi kule Kigoma: khanga mbili zikilowa damu, mama ameshapoteza takriban nusu lita, na hapo hakuna kungoja kukuche. Akina mama wa visiwa vidogo aliwahimiza wavuke mapema, wiki kadhaa kabla ya tarehe, wakae karibu na kituo. Ziwa likichafuka mtumbwi hautoki, na uchungu hausubiri. Nauli iwekwe kando, na watu wa kuchangia damu wajulikane kabla.

Kuhusu rambirambi: gharama zimelipwa, na kilichobaki ndugu wamekubaliana kinunue vipimajoto vya friji kwa zahanati. Shada la ziada hatulihitaji. Mnaouliza mfanye nini zaidi, nendeni mkatoe damu. Kituo cha damu salama cha Kanda ya Ziwa kiko hapahapa Mwanza. Mtoaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume hutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Chupa moja ni mililita 450 hivi. Kuleni kabla ya kwenda na mnywe maji ya kutosha. Njaa na kiu huwapa watu kizunguzungu kitini, kisha lawama hubebeshwa sindano.

Misa ya shukrani itafanyika Kirumba, na tarehe itatangazwa kupitia jumuiya. Aliyeazima madaftari yake ya kazi tunaomba ayarudishe nyumbani, maana wauguzi wa zahanati wameomba kuyanakili. Maturubai mawili na sufuria kubwa moja bado viko kwetu. Wenyewe waje wachukue.