Kalkulasi ya vigeu vingi isisomwe kwa kukariri

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze wasiwasi wangu kuhusu vijana wetu wa Malindi wanaosomea hisabati chuo kikuu, ambao wengi wao hufika kwenye kozi ya kalkulasi ya vigeu vingi (hesabu za mabadiliko ya vitu vinavyotegemea vigeu zaidi ya kimoja) na uchambuzi wa vekta (idadi zenye ukubwa na mwelekeo) wakakariri kanuni za Green, Gauss na Stokes, zinazounganisha yanayotokea ndani ya eneo na yanayotokea mpakani mwake, bila kuelewa zinapima nini. Kanuni ya Gauss, kwa mfano, yasema kwamba kiasi cha mtiririko kinachotoka kupitia uso uliofungwa ni sawa na jumla ya daivajensi (kipimo cha jinsi mtiririko unavyotawanyika kutoka kila nukta) ndani yake, na mwanafunzi aliyekulia pale Mto Sabaki unapoingia baharini, akayaona maji ya tope yakisambaa, anao mfano hai wa mtiririko huo. Upepo wa kusi nao, wenye kasi na mwelekeo wake kila mahali, ni uga wa vekta. Tena ni jirani yetu Ngomeni, kwenye jukwaa la kurushia roketi la San Marco, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, na njia ya roketi haihesabiki bila vekta. Nawasihi wahadhiri waanze na michoro, alama zifuate, na wanafunzi wachore kila uso na mpaka wake kabla ya kugusa integrali (hesabu ya kujumlisha vipande vidogo vidogo) yoyote.

Msomaji wako,
Malindi