Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama marubani,

Hesabu zetu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma baada yangu. Mimi nitazungumzia kazi iliyochukua sehemu kubwa ya mwaka: mafunzo ya kutua kwa vyombo kwa kutumia setilaiti na masahihisho yake.

Setilaiti za GPS huzunguka takriban kilomita 20,200 juu yetu. Mawimbi yake hucheleweshwa yanapopita kwenye ayonosfia, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, na saa na njia za setilaiti zenyewe hupotoka kidogo. Anayetembea kwa miguu hatajali kosa la mita chache. Rubani aliye ndani ya wingu, akishuka futi 600 au 700 kwa dakika, lazima ajali, hasa kwa kuwa setilaiti zote anazozipokea ziko upande wa juu, na hivyo kimo ndicho kipimo dhaifu zaidi cha mfumo.

Vituo vya ardhini vinavyojulikana vilipo kwa usahihi mkubwa hupokea mawimbi hayohayo na kuonyesha yamekosea kiasi gani. Kituo kikuu hukokotoa masahihisho, kisha setilaiti zilizotulia juu ya ikweta huyatangaza kwa masafa yaleyale ya GPS. Mfumo wa aina hii wa Marekani, WAAS, ulianza kazi 2003, na ule wa Ulaya, EGNOS, ukaruhusiwa kwa usafiri wa anga 2011. Kwa LPV, utaratibu wa kushuka unaoongozwa na setilaiti kwa upande na kwa wima, rubani anaweza kushuka hadi futi 200 kabla ya kuamua kutua au kupaa tena, hata kwenye kiwanja kisicho na ILS, yaani mitambo ya redio ya ardhini inayoongoza ndege kutua. Viwanja vidogo vimenufaika mno, na hilo linanifurahisha kwa dhati.

Lakini usahihi peke yake hautoshi. Katika kila darasa nimesisitiza kwamba thamani kubwa ya mfumo huu ni kutuambia wakati ambao hatupaswi kuuamini. Kipokezi hukokotoa bila kukoma kosa linaweza kufikia wapi. Kwa LPV ya futi 200, mpaka wa wima ni mita 35. Ukivukwa, au hitilafu ikigunduliwa, onyo linatakiwa limfikie rubani ndani ya sekunde 6. Mwongozo wa mteremko unaweza kuondoka, ikabaki LNAV, yaani mwongozo wa upande pekee, yenye kimo chake cha chini kabisa kilicho juu zaidi ya kile cha LPV. Kwenye simuleta tumeona marubani wazoefu wakisita hapo, na kusita huko kunanitia wasiwasi. Kamati inapendekeza vimo vyote viwili, cha LPV na cha LNAV, visomwe kwa sauti kabla ya kuanza kushuka, kila safari, hata anga likiwa jeupe.

Wanaoruka karibu na ikweta wana mzigo wa ziada. Baada ya jua kuzama, ayonosfia huko hufanya mapovu yanayotikisa mawimbi, na masahihisho ya masafa mamoja huzidiwa. Vipokezi vya masafa mawili, L1 na L5, vitapunguza sana tatizo la ucheleweshaji. Havitaponya mawimbi yaliyozimwa kwa makusudi: pale GPS inapofunikwa na kelele, hakuna cha kusahihisha. Ndiyo maana kamati inapinga kung'oa mitambo yote ya ardhini, na mazoezi ya ILS na VOR (redio ya ardhini inayoonyesha mwelekeo) yatabaki kwenye ratiba yetu.

Naomba mkutano upigie kura pendekezo la vimo viwili leo, kabla ya uchaguzi wa kamati mpya.