Tamthilia ya Guo Jing isikatwe mwanzo

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa burudani umewashauri wanaotaka kuangalia The Legend of the Condor Heroes, tamthilia ya Kichina ya mapigano, waruke sehemu za mwanzo mpaka steringi atoke Mongolia, eti huko hakuna mapigano ya maana. Naomba ushauri huo ufutwe. Ndio huohuo unaofuatwa na baadhi ya wanaokata na kutafsiri muvi kwa ajili ya vibanda umiza vya hapa Dar es Salaam. Tamthilia ya saa arobaini na ushee inakatwakatwa hadi zibaki saa nne au tano, na kinachotupwa kwanza ni utoto wa Guo Jing, steringi mwenyewe. Mtazamaji anabaki na ngumi tu, hajui nani anampiga nani na kisa ni nini.

Hii ni hadithi ya gazetini. Mwandishi wa riwaya Jin Yong aliiandika kipande kwa kipande katika gazeti la Hong Kong Commercial Daily kuanzia mwaka 1957 hadi 1959, na wasomaji wakawa wanasubiri toleo lijalo kama tunavyosubiri riwaya zinazoishia na neno "itaendelea" katika magazeti yetu. Mwandishi wa namna hiyo hupanda jambo leo akalivuna baada ya miezi mingi. Ukiondoa mbegu, usitegemee mavuno.

Mbegu zenyewe ni hizi. Katika kijiji cha Niujia, karibu na Lin'an, mji mkuu wa dola ya Song ya Wachina, wanaishi marafiki wawili, Guo Xiaotian na Yang Tiexin, na wake zao wote ni wajawazito. Mtawa wa Kitao, Qiu Chuji, anawachagulia watoto majina kabla hawajazaliwa: Jing na Kang, ukumbusho wa aibu ya mwaka 1127, pale jeshi la Wajin, dola adui ya kaskazini, lilipobeba mateka watawala wawili wa Song kutoka Kaifeng. Kisha kijiji kinavamiwa. Guo anauawa, na mjane wake, Li Ping, anaishia Mongolia, anajifungulia huko. Mke wa Yang anachukuliwa na Wanyan Honglie, mtoto wa mfalme wa Jin, naye Kang anakua akimwita baba mtu yuleyule aliyepanga uvamizi.

Ruka hayo, kisha nenda moja kwa moja mjini Zhongdu, mji mkuu wa Wajin, pale binti Mu Nianci anapotafutiwa mchumba kwa mashindano ya kupigana. Yang Kang anamshinda, anamvua kiatu kimoja, anakiweka kifuani, halafu anakataa kumwoa. Mzee anayeandamana na binti anapodai haki, kijana anamjeruhi mikono. Kwa aliyeanzia hapo, hilo ni zogo la barabarani. Mzee yule ni Yang Tiexin. Kijana amemwaga damu ya baba yake mzazi mbele ya umati, na yeye mwenyewe hajui.

Huko Mongolia pia si kweli kwamba hakuna kitu. Guo Jing, mtoto wa miaka sita, anamficha mpiga mishale Jebe, anachapwa mijeledi na hasemi. Anaapiana undugu na Tolui, mtoto wa Temujin, yaani Genghis Khan wa baadaye. Walimu kutoka Jiangnan, kusini mwa China, wanamfundisha kila mmoja ufundi wake, na kwa kuwa kijana ni mzito kuelewa, vinamchanganya vyote, mpaka Ma Yu, mtawa mwenzake Qiu Chuji, anapomfundisha usiku kwa siri, juu ya jabali, namna ya kupumua. Yote haya yanarudi. Genghis Khan anapotaka kuivamia Song, Li Ping anajiua ili mwanawe awe huru kutoroka. Na mwishoni, nje ya mji wa Xiangyang, jeshi linalokuja linaongozwa na Tolui. Ukikata utoto wao, huyo ni jemadari mmoja tu wa adui.

Jambo la pili linalokatwa bila huruma ni mafunzo. Wakataji huacha mapigo na kutupa masomo, wakati hadithi nzima inasimama juu ya kijana mzito anayejifunza polepole. Mfano ni pigo la kwanza kati ya viganja 18 vya kuwatiisha majoka. Hong Qigong, mkuu wa chama cha ombaomba na bingwa wa mtindo huo, anaupiga mti wa msonobari, unavunjika. Guo Jing anaupiga, unatikisika tu. Mwalimu anamkaripia: kazi ni kuuvunja, si kuutikisa, kwa hiyo nguvu ifike kwa namna ambayo mti hauna pa kurudi nyuma wala pa kukwepa. Halafu anamweleza siri yake, kwamba nguvu inayotoka ikiwa sehemu kumi, inayobaki mwilini iwe ishirini. Matoleo ya miaka ya karibuni hujaza tukio kama hilo majoka ya mwanga wa kompyuta, na hapo ndipo yanapopotea. Pigo ambalo ufundi wake ni kujizuia linageuka fataki. Mkurugenzi mzuri angetuonyesha mti, bega la kijana, na saa zinavyokwenda.

Hata chakula kina kazi yake. Huang Rong, mpenzi wa Guo Jing, anampasua kuku tumbo, anamsafisha ndani, anampaka udongo uliolowa bila kumnyonyoa, anamweka kwenye moto. Udongo ukikauka unabanduliwa, na manyoya yanatoka nao, nyama inabaki nyeupe. Harufu ndiyo inayomleta Hong Qigong, na baada ya hapo ni mapishi ya Huang Rong yanayomfanya asiondoke haraka, ndipo Guo Jing anapata mapigo 15 kati ya yale 18. Mtu aliyeondoa jiko amemwacha Guo Jing na ufundi uliotoka hewani.

Kwa matoleo, la TVB, kituo cha televisheni cha Hong Kong, la mwaka 1983, Felix Wong akiwa Guo Jing na Barbara Yung akiwa Huang Rong, bado ndilo bora kwa uigizaji, ingawa mandhari mengi ni ya studio na yanaonekana hivyo. Lina sehemu 59. Toleo la 2003 la Li Yapeng na Zhou Xun lina nyika halisi na sehemu 42. La 2017 lina sehemu 52, na linamfaa kijana ambaye picha za zamani zinamchosha. Filamu ya Tsui Hark ya mwaka 2025 inachukua mwishoni mwa riwaya, kwa hiyo isiwe mlango wa kuingilia. Ashes of Time ya Wong Kar-wai, ya mwaka 1994, inawachukua baadhi ya wahusika na kuwatungia maisha mengine kabisa ya ujana wao. Ni kazi nzuri, lakini haikufundishi hadithi hii.

Wenye vibanda hawana haja ya kukata. TVB wenyewe waliigawa ile ya 1983 katika awamu tatu, kila moja na nyimbo zake. Ondoeni nyimbo zinazojirudia mwanzo na mwisho wa kila sehemu, onyesheni sehemu nne kila jioni, na kazi yote inakwisha kwa jioni 15. Anayetafsiri anyamaze Li Ping anapokufa. Pale pasiwekwe utani.

Na ukurasa wenu ukipendekeza tena tamthilia hizi, utaje mwaka na mwigizaji mkuu. Riwaya ya pili, inayoendeleza hii, inauzwa kwa jina la The Return of the Condor Heroes, TVB waliitoa nayo mwaka huohuo wa 1983 akiigiza Andy Lau, na Kariakoo zote mbili huitwa "Condor" tu. Mnunuzi aulize steringi ni nani. Akiambiwa Guo Jing, hiyo ndiyo ya kwanza. Akiambiwa Yang Guo, kijana wa mkono mmoja, huyo ni mtoto wa Yang Kang, na aiweke kwanza pembeni.

Mpenzi wa tamthilia,
Temeke, Dar es Salaam