Mgonjwa wa mgongo akitoka wodini alale wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini. Mwaka jana nilimleta mama Dar es Salaam kutoka Singida kwa upasuaji mkubwa wa uti wa mgongo. Fedha za matibabu tulichanga ukoo mzima. Hatukuwaza kabisa atalala wapi akiruhusiwa. Aliruhusiwa siku ya 6, na nyuzi zilikuwa za kutolewa wiki ya pili.

Gesti niliyoipata kwa haraka ilikuwa ghorofa ya pili, haina lifti, choo cha kuchuchumaa. Mtu aliyefungwa vyuma mgongoni anachuchumaaje? Nilinunua kiti cha plastiki, fundi akakikata tundu katikati, nikaweka ndoo chini yake. Mama alicheka, kisha akalia. Godoro nalo lilibonyea, kumwinua ilitaka watu wawili.

Kurudi tulipanda treni ya SGR hadi Dodoma, ambamo angalau aliweza kusimama na kujinyoosha. Basi la moja kwa moja lingemmaliza.

Ombi langu kwa hospitali zetu: siku ya kupangiwa upasuaji, ndugu waambiwe mgonjwa atakaa mjini siku ngapi, na kwamba atahitaji chumba cha chini, choo cha kukaa na kitanda kilichoinuka, kisicho karibu na sakafu. Na taasisi za dini zenye hosteli karibu na hospitali zitutengee walau vyumba viwili vya namna hiyo. Tutalipia.

Msomaji wako,
Singida