Cherehani kinakuja na basi la asubuhi

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Tanga. Sisi hatujambo, baba yako mguu umepoa. Cherehani kimeshafungwa. Kaka yako ametenganisha kichwa na meza. Kichwa nimekizungushia khanga mbili chakavu nikakitia kwenye boksi, meza na miguu yake ya chuma inakuja imefungwa kamba. Barua hii utaikuta kwenye droo, pamoja na bobini sita na kopo la oili.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Mama, uliwezaje kushona na sisi wanne tumo humo humo ndani?" Mchuzi ulikuwa unatokota, nikakujibu, "Nilizoea tu." Nilipokata simu nikaona nimekudanganya. Una mtoto wa miaka mitatu na mwingine wa miezi mitano, unataka kuanza kushonea nyumbani, nami nakwambia nilizoea! Nimekaa barazani sasa, hakuna chungu motoni, nikujibu sawasawa.

Hicho cherehani ni cha bibi yako. Alikishonea miaka ile ya shida baada ya vita vya Kagera, nguo madukani hakuna, khanga unaipata kwa foleni, tena siku ikiletwa. Mitumba haikuwa imejaa kama leo. Bibi yako alikuwa akigeuza kola za mashati ya babu yako. Kola ikilika pale inapogusa shingo, anaifumua yote, uzi mmoja mmoja kwa ncha ya wembe, anaigeuza upande wa chini uje juu, anairudishia. Shati linavaliwa miaka miwili tena. Mimi kazi yangu ilikuwa kumshikia koroboi na kuokota nyuzi. Kabla sijajua kushona nilijua kufumua, na mpaka leo nikitaka kumjua fundi humtazama akifumua. Anayechana kwa hasira ataharibu kitambaa cha watu.

Sasa swali lako. Siku ya mama mwenye mtoto mchanga haina saa nzima ndani yake. Ina vipande: robo saa hapa, dakika ishirini pale, halafu mtoto anaamka. Mwanzoni nilikuwa nasubiri saa nzima ije ndipo nikae kwenye cherehani, haikuja, nikawa nakesha. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kazi ya kushona nayo ni vipande, na kila kipande kina wakati wake. Kupima, kukata, kuweka mikono, kola na zipu vinataka kichwa kilichotulia. Kuunga mbavu na mabega kunataka mguu tu na macho. Pindo la mkono, vifungo, kufumua, kukata nyuzi zilizobaki, hivyo unafanya huku unaongea na mtoto au unaangalia wali usiungue.

Basi nikapanga hivi. Nikishaswali alfajiri, kabla hamjaamka, nakata. Chini, kwenye mkeka, mlango wazi mwanga uingie. Mkilala mchana naunga mishono iliyonyooka. Jioni mkifanya kazi za shule nashika sindano ya mkono. Unakumbuka ulivyokuwa unanisomea hesabu zako huku mimi napiga pindo? Hukuwa unanichelewesha hata kidogo. Ndiyo saa niliyoipenda kuliko zote.

Na usiku sikugusa tena mkasi. Hilo nilijifunza kwa gharama. Ulikuwa na mwaka mmoja, una homa, uko mgongoni, saa sita ya usiku, na mteja kanipa kitenge chake kizuri cha ndege, anataka gauni la kwenda ukweni. Nikakikunja, nikapanga, nikakata. Asubuhi nafungua: mbele ndege wanaruka vizuri, mgongoni wote vichwa chini. Kitenge kile kilikuwa na juu na chini, na mimi kwa usingizi sikutazama. Nilizunguka maduka ya Ngamiani siku mbili na kipande mkononi nikitafuta mwenzake. Sikukipata. Nikamlipa kitambaa chake, na yule mama hakurudi tena. Kwa hiyo kabla hujakata kitenge chochote kitandaze chote, simama, kitazame kutoka mbali kama unavyotazama picha ukutani. Na kama ni cha pamba, kiloweke na kukianika kwanza, kisije kikapungua mwilini mwa mtu baada ya kufuliwa mara moja.

Kila nguo ipe mfuko wake. Vipande vyote, uzi wake, zipu yake, vifungo vyake, na karatasi ya vipimo umeibana kwa pini juu. Mtoto akilia unatia ndani, unafunga, unakwenda. Ukirudi kesho unakuta pale ulipoachia. Nguo za watu zikichanganyika kitandani na nguo za watoto, utatumia robo saa yako yote kutafuta mkono wa kushoto.

Kuhusu pini nakuomba sana. Hesabu unazotoa na unazorudisha. Baba yako alitoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, akaifunga kwa kamba, na kila jioni kabla hamjatandikiwa nilikuwa naiburuza mkekani. Ilikuwa inatoka na pini mbili tatu kila siku, na mimi nilikuwa najiona mwangalifu. Sumaku hiyo iko kwenye droo, imefungwa kwenye kitambaa chekundu. Na ukiinuka kwenye cherehani, hata kama ni kwenda kuchukua maji, vua mkanda kwenye gurudumu. Mjukuu wangu wa miaka mitatu atataka kukanyaga kama mama, na vidole vyake vitakuwa pale pale mkanda unapopita.

Chenyewe hakina matata ukikijua. Anza kwa kuvuta gurudumu dogo la juu kwa mkono kuja kwako, ndipo ukanyage. Ukianza na mguu peke yake kitarudi nyuma na kukata uzi. Mkanda wa ngozi hulegea. Usinunue mwingine haraka, kata kidogo, toboa, rudishia kile kiwaya. Sindano namba 14 kwa vitenge na sare za shule, 16 kwa jinzi, 11 kwa vile vitambaa vyepesi vya kuteleza. Ukiona uzi umefanya vitanzi chini ya nguo, usihangaike na bobini kwanza. Toa uzi wa juu wote uupitishe upya. Mara nyingi ni huo.

Pesa. Hapa nataka unisikilize maana hapa ndipo nilipopoteza miaka. Nunua daftari, kila nguo andika kitambaa, uzi, zipu, bitana, mkaa wa pasi, kisha andika saa ulizokaa. Mimi miaka saba ya mwanzo saa sikuziandika. Nilikuwa naona pesa ya vifaa imerudi na kidogo imebaki, nasema nimepata. Siku nilipoanza kuandika nikagundua gauni moja la mtoto lenye bitana na zipu lilikuwa linanila saa tano zilizotawanyika siku tatu, na nilichobakiwa nacho hakikufika cha kupunguza suruali tatu za mitumba, kazi ya saa moja na nusu. Gauni lilikuwa linasifiwa mtaa mzima, suruali hakuna aliyeisifu, lakini suruali ndizo zilizowalipia madaftari.

Kwa hiyo mitumba usiione adui. Kwa bei hutaishinda. Lakini shati la mitumba lilikatwa kwa mwili wa mtu mwingine, nchi nyingine, na lazima lije kwa mtu wa kulibana mbavu na kufupisha mikono. Mtu huyo awe wewe. Januari shule zikifunguliwa kuna sare. Kabla ya Idi na Krismasi kuna magauni. Katikati hapo, miezi mikavu, kupunguza na kurekebisha ndiko kunakotia chumvi nyumbani.

Pokea nusu kabla hujaweka mkasi, hata kwa jirani, hata kwa ndugu. Sare za harusi usishone bila kianzio. Nilishawahi kushona magauni tisa ya harusi moja kwa maneno matamu, harusi ikapita, bibi harusi akazaa, watu wakanihadithia picha zilivyopendeza, na nusu ya malipo sijaiona mpaka leo. Usimchukie mtu kwa jambo kama hilo. Lakini usilirudie.

Mwambie na mkwe wangu ukweli toka mwanzo kwamba hii ni kazi. Baba yako alianza kuielewa siku nilipomwekea lile daftari mbele yake, na yeye anajua hesabu. Kuanzia hapo akirudi bandarini alikuwa anapiga pasi sare zilizokwisha na anashona vifungo, vinne kwa shati, kwa uzi mara mbili kama nilivyomwonyesha. Vifungo vya baba yako havikuwa vinakatika.

Kuna jambo moja nilikuwa sitaki kuliandika, ila bila hilo jibu langu halijatimia.

Ulikuwa na miaka saba. Idi ile nilipokea magauni kumi na moja ya watu. Lako, la satini ya kijani, ulilichagua mwenyewe dukani, ukakibeba kitambaa kifuani njia nzima. Nilikuwa nakwambia kesho, kesho, kila siku mteja mmoja anaingia mbele yako kwa kuwa yeye kalipa. Usiku wa kuamkia Idi, mteja wa mwisho aliondoka saa tano na nusu. Ulikuwa umelala kwenye mkeka pembeni ya cherehani, umeshika ule utepe wa kiunoni. Nikaunga gauni lako mbio mbio, pindo sikuwahi. Nikalibana kwa pini, nikasema nitakuja kulipiga asubuhi. Asubuhi kukawa na pilau, wageni, watoto wa kuogesha. Ukalivaa na pini zake ukaenda zako.

Jioni nakuogesha naona nyuma ya mguu wako mstari mwekundu, mrefu kama kidole, umekauka damu. Pini moja ilifunguka. Nikakuuliza mbona hukusema. Ukanijibu, "Ningesema ungenivua." Ulikaa nayo toka asubuhi mpaka magharibi kwa kuogopa kuvuliwa gauni ambalo mama yako alishindwa kulimaliza. Sijui kama unakumbuka. Mimi nikiona satini ya kijani hata leo mkono huwa unasita.

Toka mwaka ule nguo zenu za Idi nilizikata mwezi wa Shaabani, kabla sijapokea kitambaa cha mtu. Zikishonwa zinaingia sandukuni, kisha ndipo naanza Ramadhani na kazi za watu. Nilipoteza wateja wawili watatu kwa hilo, wale wa kuja mapema. Nilipunguza pia idadi: magauni saba, la nane nasema hapana, namwelekeza kwa fundi mwingine. Ukianza, mwanangu, mfuko wa kwanza kuuning'iniza msumarini uwe wa wanao. Usisubiri kama mimi mpaka uone alama mguuni.

Basi linaondoka hapa saa kumi na mbili asubuhi. Mkwe wangu akipokee stendi mwenyewe, asimwachie mpagazi, na boksi lisilazwe. Kichwa kisimame kama nilivyochora mshale. Chini kabisa ya droo kuna mita mbili za marekani nyeupe. Hiyo usiuze wala usishone nguo. Kila ukitaka kujaribu kata mpya, ikate kwanza kwenye hiyo. Na kuna kipande cha maua ya njano, nimeshakiloweka na kukianika, kinatosha gauni la mjukuu wangu mkubwa. Mpime kifua na urefu ukikiona tu, na pindo liache vidole vinne.

Wabusu wote wawili.

Mama yako